Mchanga Niliokataa Kuumwaga

Mkifika Garsen mkauliza Komora ni nani, mtapoteza wakati. Ulizeni Mwenye Nyumba. Hata yule dada anayeuza maziwa karibu na stendi atawaonyesha, na atatabasamu kidogo kabla ya kunyoosha mkono. Nyumba yenyewe si ya kusifiwa, ina bati linalovuja upande wa jikoni. Jina hilo nililipata shimoni, mwaka wa mvua za El Nino, na walionipa hawakunionea. Nasikia nyinyi vijana mmechukuliwa kutunza mashimo ya watu wa mambo ya kale. Basi afadhali mnisikilize mimi kabla hamjasimuliwa mitaani, maana mitaani huongeza chumvi, na habari hii haihitaji chumvi.

Shule niliiacha darasa la tatu. Sikufukuzwa, niliona tu jembe linanielewa zaidi ya mwalimu. Kila ninachokijua nimekishika kwa mkono. Nimechimba mifereji ya mpunga Kulesa, nimechimba vyoo mpaka Chara, nimejenga nyumba za udongo ambazo mpaka leo zinakaliwa na wajukuu wa niliowajengea. Watu wa mambo ya kale walipokuja kutafuta wachimbaji, wenzangu walikwenda na maneno matamu na majina ya wajomba zao. Mimi nilikwenda na timazi na kamba. Nikawachimbia shimo la mfano, kuta zimenyooka kama zimekatwa kwa wembe. Nikachukuliwa siku hiyo hiyo, na kabla ya msimu kwisha nilikuwa mnyapara.

Nasema haya mjue kwamba kazi niliijua. Aibu ya mtu asiyejua kazi ni ndogo, inapita. Yangu ni ya mtu aliyejua.

Ingawa hata mimi nilianza vibaya. Ukuta wa kwanza niliochimba niliukwangua kwa panga, nikaunyunyizia maji, nikausawazisha kwa kiganja mpaka ukang'aa. Nikaketi pembeni kungoja sifa. Mkubwa wetu alikuwa mama mmoja tuliyemwita Daktari tu, na hapa pia nitamwita hivyo. Akaja, akauangalia ukuta, akavua miwani, akaivaa tena.

"Bwana Komora, huu ukuta umeufanya nini?"

"Nimeunadhifisha, Daktari."

"Umeufuta. Hapa palikuwa na mistari. Mweusi, mwekundu, wa majivu. Kila mstari ni watu walioishi, wakahama, wakaja wengine."

"Mimi niliona uchafu."

"Ndio huo uchafu ninaolipwa kuusoma," akasema, na wachimbaji wote wakacheka, na mimi nikacheka nao ingawa sikupenda.

Kwa hiyo lishikeni hilo. Ukuta wa shimo la kale si ukuta wa choo. Ukiwa mzuri mno, umeuharibu. Na mkishalifungua shimo, jueni mmelivua nguo. Udongo uliolala chini miaka yote hiyo haujui jua. Ukipigwa na jua unapasuka, ukipigwa na upepo unapeperuka, na mizizi inaufuata unyevu kama ndama anavyomfuata mama yake. Msifunike kwa nailoni. Niliwahi kufunika kwa nailoni, nikarudi baada ya siku chache nikakuta ukungu wa kijani kama mkate uliosahaulika kabatini. Nailoni inatoa jasho. Funikeni kwa magunia yenye unyevu kidogo, unyevu, si maji. Nguzo za kivuli zichimbieni nje kabisa ya shimo, kwa sababu mchwa wakishapanda nguzo hawaulizi serikali iko upande gani. Na msipake nguzo oili chafu ya gari. Inanyonywa na udongo, inafika kwenye majivu ya watu wa kale, na Daktari wenu atalia mbele yenu. Wangu alilia.

Sasa shimo lenyewe. Lilikuwa kwenye mwinuko upande wa Kulesa, karibu na malka, ile njia ya ng'ombe wa Waorma ya kushukia mtoni. Siuiti mlima. Ukiupanda huhemi hata kidogo. Lakini bonde letu ni sawa kama meza, na mahali palipoinuka kimo cha mtu tayari panaitwa juu. Watu waliokaa pale walikaa zamani ambazo hazikuandikwa na yeyote, kabla ya majina ya koo zetu. Tulipata vigae vya vyungu, mifupa ya samaki, mafiga matatu bado yametazamana. Na mwisho wa msimu wa kiangazi tukafika kwenye sakafu.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Sakafu ya udongo uliokandikwa, upana wa kitanda cha watu wawili, na juu yake alama za vidole. Mtu alikuwa amepiga magoti, akapaka udongo kwa nusu duara, nusu duara, kama mama zetu wanavyopaka, kisha pakakauka, kisha nyumba ikaungua, na moto ukaigeuza sehemu ya sakafu ile ikawa ngumu kama kigae. Sehemu nyingine zilibaki udongo mtupu, laini. Daktari aliketi ukingoni, na sisi sote tukaketi kumzunguka.

Wa kwanza kusema alikuwa dada yangu mkubwa, Hagodana, ambaye kazi yake pale ilikuwa kutuchotea maji. Alitua ndoo, akashuka, akapitisha vidole vyake juu ya zile alama bila kuzigusa.

"Huyu alikuwa wa mkono wa kushoto," akasema. "Na tazameni, ameanzia mlangoni akamalizia ndani. Sasa akitoka alipita wapi, paani?"

Daktari akacheka mpaka akashika tumbo. Akamwambia arudie, aonyeshe kwa mkono. Na mimi, mnyapara, niliyekuwa nimejipanga kuieleza sakafu ile kwa jina langu, nikasikia uchungu. Nikasema, "Dada, wewe umeitwa kuleta maji."

Hagodana akachukua ndoo yake, akapanda. Hakunijibu. Dada yangu akinijibu ni heri, akinyamaza ndiyo matata.

Msimu ukaisha na Daktari akalazimika kurudi Nairobi. Kabla ya kuondoka aliagiza trekta likaleta mchanga wa mto, rundo kubwa, likamwagwa kando ya shimo. Akanipa kitambaa cheupe kizito. Akanieleza pale pale, tumesimama juu ya mchanga ule. Kitambaa juu ya sakafu, kisha mchanga, mpaka shimo lijae. Kabla ya mvua.

"Kwa hiyo tunaizika," nikasema.

"Tunailaza. Nikirudi tunaiamsha kwa mkono na brashi."

"Daktari, kuna wageni watakuja kutoka Hola. Kuna watoto wa shule. Waje waone rundo la mchanga?"

"Waonyeshe picha."

"Mimi nimeezeka paa la majani ya mkoma pale juu, halipiti tone. Na huu mto nimezaliwa nao. Haupandi mpaka huku."

"Sisemi mto, Bwana Komora. Nasema jua, unyevu na miguu ya watu. Mwaga mchanga."

Nikasema nimesikia. Na kweli nilisikia. Gari lake lilipoishia vumbini nikaketi juu ya rundo la mchanga, nikaangalia sakafu chini ya paa langu, nikajiambia, mchanga upo, haukimbii, nitaumwaga wageni wakishapita.

Wageni walikuja. Niliwaeleza. Niliwaambia alama ni za mtu wa mkono wa kushoto na kwamba alianzia mlangoni akamalizia ndani, wakacheka sana, wakauliza nimejuaje. Nikasema ni uzoefu. Hagodana alikuwa pale pale na ndoo yake. Wakaja wengine, wakaja na wengine. Nilikuwa nikivaa shati la Jumapili kwenda shimoni. Niliambiwa na mzee mmoja mwenye suti kwamba ningesoma ningekuwa profesa, na maneno hayo yalinilevya zaidi ya mnazi.

Jua lile, upepo ule, na miguu ile yote ukingoni. Siku moja naondoa magunia nikaona sakafu imepasuka. Pembeni imejikunja kama gamba la samaki aliyeanikwa. Nikigusa kwa kidole, kipande kinainuka. Hapo ndipo mngemwaga mchanga, sivyo? Kila mtu angemwaga mchanga. Lakini mimi sikuwa kila mtu, mimi nilikuwa mjenzi wa nyumba. Na mjenzi wa Kulesa akiona sakafu imepasuka anajua dawa yake moja tu, ile aliyoiona tangu anatambaa.

Nikamwita Hagodana. Nikamwambia achanganye udongo wa mfinyanzi na mchanga mwembamba, mwepesi kama uji, tuikandike juu kidogo ishikane.

"Sikandiki," akasema.

"Kwa nini? Hakuna mkono kama wako Kulesa nzima."

"Sakafu ya mwanamke mwenzangu siikandiki bila yeye kuniomba. Mwenye nyumba hayupo."

"Atakuwaje hapa? Amekufa kabla ya babu wa babu yetu."

"Basi hakuniomba."

"Mwenye nyumba ni mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyeachiwa."

"Haya, mwenye nyumba. Kandika." Akaenda zake.

Nikakandika. Kwetu mwanamume anajenga, anaezeka, anatia udongo ukutani, lakini sakafu ni ya wanawake, na mkono wangu haukuwahi kuijua. Nilipiga magoti chini ya paa nikapaka, na udongo ukaja mabonde na milima. Nikiwa katika hali hiyo Mzee Barisa akapita na ng'ombe wake kwenda malka.

Barisa nimweleze. Alikuwa mfugaji mzee wa Kiorma, tuliyemwita abba, yaani baba kwa lugha yao, mtu wa maneno machache na mzaha mkavu. Tangu tuanze kuchimba nilikuwa nimemwomba awapitishe ng'ombe wake mbali na shimo, na alikubali. Kila kiangazi aliwazungusha njia ndefu, kwenye miiba, kwa ajili ya neno langu tu. Hakuniomba kitu.

Akasimama na fimbo yake mabegani. "Komora," akasema, "mimi nimeona mengi katika Tana hii. Lakini mwanamume kupiga magoti kupaka sakafu, hilo sijaona. Bibi amekukimbia?"

"Nenda na ng'ombe wako, abba Barisa."

"Naenda. Mimi nataka kujua tu kama pia utapika." Akaenda, na mabega yake yakicheka.

Udongo ulipokauka nilirudi kuutazama. Mipasuko haikuonekana. Wala vidole havikuonekana. Sakafu ya yule mwanamke ilikuwa imekuwa yangu, mbaya, ya mkono wa kulia, na ilinichukua siku kadhaa kukubali kwamba macho yangu hayakunidanganya. Nikafunika kwa magunia. Nikafunga kamba kuzunguka shimo lote, nikawaambia watu wa ziara kwamba pamefungwa kwa amri kutoka juu. Hakukuwa na amri. Rundo la mchanga lilikuwa pale pale, limeanza kuota nyasi.

Kisha mvua. Nyinyi mmezisikia kwa wazee wenu, sitazieleza sana. Mto ambao nilizaliwa nao ulipita shamba langu kama haunijui. Barabara ya Garsen ikakatika. Mahindi yakazama, vibanda vya mashambani vikaelea. Na watu wa bonde letu, wakiona maji yanapanda, walikwenda wapi? Walikwenda juu. Na juu ni wapi? Sikuwahi kujiuliza kwa nini wale wa kale walichagua kukaa pale. Alasiri ile, watu wanapanda na vyungu na kuku na godoro kichwani, nilijibiwa.

Mwinuko ulijaa. Hapakuwa na mti wa maana, hapakuwa na nyumba. Palikuwa na paa moja tu, langu, juu ya shimo, na mimi nimesimama mbele ya kamba.

Wa kwanza kunijia alikuwa Barisa. Ng'ombe wengi walikuwa wamekwenda na maji. Alikuwa na ndama wachache, na mkazamwana wake, ambaye alikuwa amejifungua siku chache tu kabla. Mtoto alikuwa kifuani mwake chini ya khanga iliyoloa.

"Komora," Barisa akasema, "mama na mtoto waingie chini ya paa. Sisi tutakaa nje."

"Humu haingii mtu, abba. Ni mali ya serikali."

"Wao hawatashika kitu."

"Wataikanyaga sakafu."

Maji yalikuwa yakimtiririka ndevuni. "Mimi nilizungusha ng'ombe," akasema, polepole, kama mtu anayemkumbusha mwenzake jina lake.

"Hayo ni mbali na haya," nikasema.

Hakubishana. Alivua shuka lake, akalishika juu ya kichwa cha mkazamwana wake kwa mikono miwili, akasimama hivyo. Wengine wakaja, akina mama wa Kulesa, majirani zangu kabisa, nikawaambia vile vile. Walikaa juu ya rundo la mchanga, kwa sababu ndilo lililokuwa juu zaidi, na mvua ikawa inaliyeyusha chini yao. Na mimi nilikuwa mkavu, nyuma yangu kuna nafasi ya kulaza watu. Vijana, nimejaribu kukumbuka nilikuwa nawaza nini. Nadhani nilikuwa nawaza kwamba Daktari akija ataona kamba haikuguswa.

Kisha ukaja mtumbwi kutoka Kulesa, na ndani yake Hagodana na vyungu vyake. Alipanda, akatazama. Alimwona Barisa na mikono yake juu. Aliona khanga ikitikisika. Akaja mpaka kwenye kamba, na hakunong'ona.

"Jamani, mnazuiwa na nini?"

"Sakafu ya watu wa kale," mtu akasema.

"Ile ilikwisha kufunikwa. Iliyoko juu ni udongo wa Komora, alioukandika mwenyewe kwa magoti yake, Mzee Barisa ni shahidi. Mnaloeshwa kwa ajili ya udongo wa Komora." Kisha akanigeukia mimi. "Haya, Mwenye Nyumba. Wageni wako hao. Hutawakaribisha?"

Mtu mmoja akacheka, na kilikuwa kicheko ambacho sitaki kukisikia tena. Nikaifungua kamba. Fundo la mwisho lilikuwa limevimba kwa maji, ikabidi Hagodana aimalizie. Mkazamwana wa Barisa alipita mbele yangu bila kuniangalia, akashuka, akaketi juu ya kazi yangu. Wakafuata wengine mpaka pakajaa. Mimi nikatoka nje. Hakuna aliyenituma nitoke, ila pale ndani hapakuwa na mahali ambapo ningeweka uso wangu. Barisa alikuwa bado nje na ndama wake. Alinisogezea ncha ya shuka lake lililoloa. Sikuishika.

Mtoto alishikwa na kifua. Kwa majuma alikohoa kama mtu mzima, na kila alipokohoa watu walinitazama, au nilidhani wananitazama. Alipona.

Daktari alirudi njia zilipofunguka. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, maana asingeambiwa na mimi angeambiwa na kila mtu. Hakunifokea. Tulishuka shimoni pamoja. Udongo wangu ulikuwa umebanduka kwa vipande, na kila kipande kilikuwa kimebeba ngozi ya juu ya sakafu ya kale. Daktari akakiinua kimoja, kikubwa kama sinia, akakigeuza. Upande wa chini, vile vidole vilikuwepo, nusu duara, nusu duara, lakini vimegeuka, palipokuwa na mfereji pana mgongo. Chini kwenyewe hapakubaki kitu. Akakifunga kwa pamba, akakitia sandukuni, kikaenda Nairobi. Kwa hiyo kipo mahali fulani kwenye rafu, upande mmoja mkono wa mwanamke yule, upande mwingine magoti yangu na fahari yangu. Nilitaka kuwa sehemu ya sakafu ile. Nimekuwa.

Kabla hajapanda gari alisimama pale palipokuwa na rundo la mchanga. Palibaki doa tu.

"Unajua, Bwana Komora," akasema, "ungeumwaga shimoni, watu wote hawa wangelala juu yake. Kijiji kizima. Sakafu isingejua."

Hilo ndilo ninalotaka mlibebe, hayo mengine mtayasahau. Mchanga ungewabeba wote, walio juu na aliye chini. Sikutakiwa kuchagua kati ya mtoto na sakafu. Nilijichagua mimi, na ndiyo maana nikawanyima wote wawili. Mkiona wingu lolote, hata kama ni la uongo, lazeni shimo. Msiningoje, msimngoje mgeni wa suti. Na mkisikia watu wanapanda kutafuta pakavu, kateni kamba.

Barisa amefariki. Hagodana yupo, bado hajakandika sakafu ya mtu bila kuombwa. Yule mtoto wa khanga ndiye huyo dada wa maziwa niliyewatajia. Habari yote anaijua, babu yake alimsimulia. Jua linapokuwa kali hapo stendi na mimi napita na fimbo yangu, huniita, husogeza debe, hunipisha chini ya kibanda chake cha gunia.

"Ingia ndani, Mwenye Nyumba," husema. "Usisimame juani."

Kila mara naingia. Kila mara maziwa anayonipa nayanywa nimeangalia chini.